“Ndani” ya Lamu kwa kipimo cha 1:12: shajara ya majira ya baridi

Kinachojengwa ni mfano mdogo wa chumba kimoja tu, “ndani”, kile chumba cha faragha cha nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, chenye ukuta wa zidaka (vishubaka vya kuwekea vyombo), dari ya boriti, samadari, mkeka na wanasesere wawili. Kipimo ni 1:12, yaani milimita moja ya mezani ni milimita 12 za nyumba. Tumekichagua kwa sababu ndicho kilichozoeleka zaidi: Queen Mary's Dolls' House, nyumba ya wanasesere iliyoko Windsor, Uingereza (1921–1924), imejengwa kwa kipimo hicho, na vyumba vidogo 68 vya maonyesho viitwavyo vya Thorne, vilivyoko Art Institute of Chicago navyo, karibu vyote.

Meza ya kazi iko Minneapolis, kaskazini mwa Marekani. Desemba mchana wa huko haufiki masaa tisa, na hita haizimwi. Hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri hubeba maji kidogo sana. Ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 21 maji yake hayaongezeki, ila kiu yake ya maji ndiyo huongezeka. Inayanyonya kutoka kwenye mbao, plasta, gundi na rangi. Ndiyo maana kila ingizo hapa linaanza na unyevu wa hewa kwa asilimia, kama haigromita ya mezani ilivyoonyesha. Ratiba ya mradi huu imepangwa na kile kijisaa kuliko kitu kingine chochote.

24 Novemba. Unyevu 34

Vipimo kwanza. Chumba cha Lamu ni kirefu na chembamba, na wembamba wake una sababu: boriti za mikoko hazivuki nafasi kubwa. Upana wa mita 2.7 unatosha, nao mezani ni mm 225. Urefu ni mita 6, yaani mm 500. Kimo ni mita 3.6, yaani mm 300. Anayepanua chumba ili wanasesere “wapate nafasi” anapoteza Lamu papo hapo, hata akiweka zidaka mia.

Sakafu ni MDF (ubao wa unga wa mbao) ya mm 12, iliyokatwa 550 kwa 275. Imepakwa sila (rangi ya kuzuia unyevu) pande zote mbili na kwenye kingo zote nne. Ukipaka juu tu, upande wa chini hunywa na kutoa unyevu peke yake, na ubao hupinda kama ganda la chungwa.

Upande mrefu wa mbele unabaki wazi kwa mtazamaji. Ndipo ulipokuwa ukuta wa kutokea msana, ukumbi ulio mbele ya ndani.

28 Novemba. Unyevu 31

Kuta ni XPS, ile sponji ngumu ya polistireni inayowekwa kwenye kuta za nyumba kuzuia baridi. Ukuta wa nyuma ni wa mm 50, sawa na sm 60 za ukuta wa kweli wa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta za ubavuni ni za mm 25, kwa kuwa unene wake hauonekani.

Waya wa moto hukata XPS kama siagi, lakini moshi wake si wa kuvutwa, na madirisha ya Desemba hayafunguliki. Tumetumia kisu cha wembe mrefu wa mm 18, kwa kupita mara tano au sita taratibu huku rula ya chuma imebanwa kwa klempu. Ukilazimisha kukata kwa pito moja, wembe hufuata njia yake ndani na ukingo hutoka umeinama.

Tahadhari tatu kuhusu XPS. Gundi ya supa huiyeyusha. Rangi ya kopo la kupuliza huiyeyusha pia. Na gundi nyeupe ya mbao ikiwekwa katikati ya vipande viwili vya XPS haikauki, hata hewa iwe kavu namna gani, kwa sababu maji yake hayana pa kutokea: ukivifungua baada ya siku nne unaikuta bado maziwa. Tumia gundi ya ujenzi ambayo kopo lake linasema inafaa kwa sponji hii, kisha shikiza kwa vijiti vya meno, vinne kila kona.

Vumbi la XPS hunata kila mahali, kwa umeme tuli wa hewa kavu. Usilipulize. Lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo.

6 Desemba. Unyevu 27

Zidaka. Hapa ndipo chumba kinaposimama au kuanguka, na hatukuona haya kutumia siku nane.

Mpango: safu 4 kwenda juu, zidaka 11 kwa kila safu, jumla 44. Tumeshika 11 ili pawe na kidaka cha katikati kabisa. Kila tundu lina upana wa mm 26 na kimo cha mm 36. Mbavu za wima zina mm 10, za mlalo mm 9. Ukijumlisha, paneli inakuwa 406 kwa 189. Imeanzia mm 75 kutoka sakafuni, ikabakiza mm 36 chini ya dari na mm 47 kila upande.

Paneli ya mbele ni kadibodi ngumu ya kijivu ya mm 1.5. Tao la juu la kila kidaka halikukatwa kwa kisu. Tumetumia kitoboleo cha ngozi: tundu moja kushoto, moja kulia, la tatu katikati na juu kidogo, yakipishana. Kisha kisu kinashuka kwa mistari iliyonyooka. Mkono wa mtu hauwezi kurudia pinda lile lile mara 44, kitoboleo kinaweza. Wembe umebadilishwa kila baada ya zidaka sita. Wembe butu haukati kadibodi, huichana, na nyuzi zinazobaki huvimba zikiguswa na rangi. Kingo zote zimepitishiwa gundi ya supa nyembamba, zikaachwa zikauke, zikapigwa msasa namba 400 zikawa ngumu kama plastiki. Katika hewa kavu gundi hii huchelewa, kwa kuwa inahitaji unyevu ili ishike. Kuhemea kiungo kwa mbali kunatosha kuiamsha.

Nyuma ya paneli kuna masanduku: vipande 12 vya wima na 5 vya mlalo, vyote vya kina cha mm 15, vimechanwa nusu kwa nusu na kupachikana kama trei ya mayai. Trei nzima imezama kwenye shimo la mm 17 lililochongwa katika XPS.

14 Desemba. Unyevu 24

Kosa, nalo ni la hesabu. Vipande vya mlalo vya trei viliwekwa katikati ya mbavu za paneli. Ubavu una mm 9, kwa hiyo uso wa kipande ulikaa mm 3.75 chini ya kizingiti cha tundu. Ukitazama kwa mbele hakuna tatizo. Ukiweka bakuli, linazama nyuma ya ukingo na kuonekana nusu.

Kung'oa trei kungevunja paneli. Tiba: vibao 44 vya balsa ya mm 4, vilivyopigwa msasa hadi 3.75, kimoja kwa kila kidaka, vikasukumwa ndani kwa kibano. Anayeanza upya asifanye hivi. Apange vipande vya mlalo ili uso wake wa juu ulingane na kizingiti cha tundu, na kazi hii yote haitakuwepo.

20 Desemba. Unyevu 22

Plasta. Tumetumia ile nyepesi ya kopo ya kuzibia mashimo ya ukuta, iliyotiwa tone la rangi ya manjano ya udongo ili weupe wake usiwe wa karatasi. Chokaa ya Lamu ina joto.

Jaribio la kwanza lilikuwa tabaka moja la mm 2 juu ya XPS kavu. Lilipasuka usiku ule ule, nyufa kama tope la mto uliokauka. Sababu ni mbili na zinafanya kazi pamoja. XPS hainywi maji hata kidogo, kwa hiyo maji yote hutokea upande mmoja tu, wa mbele. Na hewa ya asilimia 22 huuvuta uso ukakauka na kusinyaa wakati ndani bado ni uji.

Tulikwangua yote. Jaribio la pili: uso wa XPS umekwaruzwa kwa msasa namba 80, umepakwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji sehemu 1 kwa 3, ikaachwa ikauke hadi inate kidogo tu. Kisha plasta ya mm 0.7 kwa kisu cha palleti. Juu yake karatasi ya nailoni iliyotegeshwa bila kugusa, kwa masaa sita. Kesho yake tabaka jingine la mm 0.7. Hakuna ufa hata mmoja. Tumeusugua kwa sponji yenye maji badala ya msasa: msasa huacha uso wa kiwanda, sponji huacha uso wa kiganja cha fundi.

Kuanzia leo kuna kifaa cha kurutubisha hewa kwa mvuke hatua mbili kutoka mezani. Lengo ni asilimia 38 hadi 40. Zaidi ya hapo madirisha huanza kulia maji na kuota barafu kwa ndani.

28 Desemba. Unyevu 38

Boriti. Katika biashara ya milingoti ya mikoko, boriti huwa na unene wa takriban sm 11 hadi 13. Vijiti vya duara vya mbao vinavyouzwa huku kwa inchi 3/8 vina mm 9.5, ambavyo ni sm 11.4 za kweli. Vinafaa bila kuchongwa, isipokuwa vimenyooka mno. Kila kimoja kimekwanguliwa kwa kisu sehemu mbili tatu, si zaidi ya nusu milimita, kikapata ule mwendo wa mti uliokua ndani ya maji.

Idadi ni 17, kila moja mm 252: mm 225 za chumba, 15 za kuingia ukutani nyuma, 12 za kulalia mhimili wa mbele. Kijiti kimoja cha mm 915 hutoa boriti tatu, hivyo vijiti sita. Nafasi ni mm 30 kutoka kitovu hadi kitovu.

Rangi haikutoka kwenye kopo. Kipande cha stiliwaya, ile ya kusugulia sufuria, kimelowekwa katika siki nyeupe kwa siku tatu, chupa ikiwa imefunikwa bila kukazwa kwa sababu hutoa gesi. Mbao hizi nyeupe hazina tanini ya kutosha kuitikia chuma, kwa hiyo zinapakwa kwanza chai ya rangi iliyokolea sana, mara mbili. Ikishakauka, pitisha siki ya chuma mara moja. Weusi wa kahawia hupanda mbele ya macho kwa dakika chache. Ukipitisha mara ya pili inakuwa makaa.

Kati ya boriti na boriti kuna vipande vya XPS vya mm 5 vilivyogandamizwa kwa karatasi ya alumini iliyofinyangwa. Mikunjo yake huacha vishimo vya jiwe la tumbawe, kisha chokaa nyembamba juu. Vinaonekana kutoka chini tu, havihitaji zaidi.

9 Januari. Unyevu 39

Samadari. Kitanda hiki kina matendegu (miguu) manne, mifumbati (mbao za ubavuni) miwili, vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) viwili. Ukubwa ni sm 190 kwa 120, yaani mm 158 kwa 100. Matendegu yamechongwa kwa kijiti cha mm 8 kilichofungwa kwenye drili ya mkono iliyobanwa kwenye jiriwa, kwa tupa ndogo: ya duara kwa mabonde, ya bapa kwa vilima. Anza na mabonde. Ukianza na vilima unamaliza mti kabla ya kupata umbo. Usikate mabonde chini ya mm 3.5, hapo tendegu huvunjika wakati wa kuvuta kamba.

Kamba ni uzi wa kitani wenye nta, unene mm 0.5. Pitisha za urefu zote kwanza, kisha suka za upana juu-chini. Mvutano uwe wa wastani: ukikaza sana, mifumbati huingia ndani kama kiuno na godoro halikai. Viungo vimetobolewa na kutiwa vijiti vya mm 1.5 pamoja na gundi. Gundi peke yake haiwezi kamba.

18 Januari. Unyevu 37

Mkeka. Ukindu haupatikani huku, kwa hiyo ni rafia, iliyochanwa kwa sindano hadi upana wa mm 1. Ikae kwenye maji ya vuguvugu dakika 20, kisha ndani ya taulo lenye unyevu wakati wote wa kusuka. Rafia kavu katika hewa ya hita hukatika kwenye kila kona.

Ukili, yaani utepe uliosukwa, ni wa nyuzi saba, nao hutoa upana wa karibu mm 5, sawa na sm 6. Mkeka wa mm 150 kwa 75 unahitaji kili 15, jumla mita 2.25, na tumesuka mita mbili na nusu kwa ajili ya hasara. Mwendo ni kama sm 25 kwa saa. Ni kazi ya jioni nyingi, theluji ikianguka nje na birika likiwa jikoni, na haina sababu ya kuharakishwa. Nyuzi mbili kati ya saba zimetiwa zambarau kabla ya kusuka. Kushona kili pamoja ni kwa uzi wa hariri mmoja, sindano namba 12, mshono ukishika nusu ya ukingo tu. Ukishika ukingo mzima, mshono huinuka kama tuta.

27 Januari. Unyevu 38

Wanasesere na kanga. Mwanamke wa sm 160 ni mm 133. Kichwa ni mm 18. Mifupa ni waya wa shaba wa mm 1.2. Kichwa, mikono na miguu ni udongo wa polima, navyo vinachomwa vikiwa kwenye waya kabla ya mwili kuzungushiwa pamba. Rangi ya ngozi hukolea ikichomwa, kwa hiyo choma kwanza kipande cha majaribio. Fuata joto lililoandikwa kwenye pakiti, na uliamini joto la kipimajoto kilichowekwa ndani ya oveni kuliko la kitufe cha oveni. Mwanamume ana kanzu ya melimeli na kofia. Kofia ya vito kwa 1:12 ni doti za sindano tu, na jicho huzikubali.

Kanga ni sm 150 kwa 110, yaani mm 125 kwa 92. Pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini ya mji: MGENI NJOO MWENYEJI APONE, herufi za mm 3. Imechapwa kwenye melimeli iliyobandikwa kwa pasi juu ya karatasi ya nta, ikapitishwa kwenye printa ya kawaida. Doti ya kwanza iliharibika. Wino wa printa ile ulikuwa wa aina inayoyeyuka kwa maji, na gundi ya kupangia mikunjo ikaugeuza mji wote waridi. Tumia printa yenye wino wa pigmenti, au pasha kitambaa pasi na ukiache siku mbili, kisha jaribu kona kwa tone la maji kabla ya chochote.

Kitambaa hakipungui ugumu kwa kipimo. Mkunjo wa kanga ya kweli huanguka kwa uzito wake, huu wa mezani husimama kama mabawa. Mvishe mwanasesere nailoni nyembamba chini, loweka kanga kwa gundi sehemu 1 na maji 4, ipange kwa pini, ukianzia kwapani kuteremka, na iache usiku kucha. Asubuhi toa pini, vuta nailoni. Mikunjo inabaki.

5 Februari. Unyevu 36

Vyombo vya zidaka. Tumetengeneza bakuli 19 na sahani 8. Si kila kidaka kipate kitu. Ukuta uliojaa unageuka duka. Bakuli limefinywa juu ya gololi ya mm 10 iliyopakwa unga wa ulanga. Bluu ya michoro imepakwa kwa brashi namba 10/0, rangi ikiwa imetiwa tone la kichelewesho, la sivyo hukauka kwenye ncha ya brashi kabla haijafika kwenye bakuli. Kidaka cha katikati kina msahafu uliofungwa, umekaa peke yake, na hakuna kitu kilichowekwa juu yake.

Onyo kwa wanaoagiza rangi za akriliki kipindi hiki: kifurushi kikilala nje usiku mmoja, rangi huganda, na ikiyeyuka huenda ikawa vidonge kama maziwa yaliyokatika. Ikiwa hivyo hairudi. Kuitikisa hakusaidii.

12 Februari. Unyevu 37

Taa. Kandili moja mezani mwa chumba, LED ya rangi ya moto (2700 K), na ya pili imefichwa nje, kushoto mwa uwazi wa mbele, ikitupa mwanga wa mshazari kama unaotoka msana. Mbinu hii ya mwanga unaotoka mahali pasipoonekana ndiyo inayovipa vyumba vya Thorne kina chake, na hapa ilifanya zidaka zipate vivuli.

Umeme ni wa USB, volti 5. Kila LED ina rezista yake ya omu 470, mkondo ukiwa kama mA 4. Usiziunganishe mbili kwa rezista moja, moja huiba mwanga wa mwenzake. Betri ya kitufe ya CR2032 ingefanya kazi pia, lakini kwa mA 5 huisha baada ya masaa 40 hivi.

16 Februari. Unyevu 35

Ukaguzi. Plasta haina ufa. Boriti mbili zimesinyaa na kulegea kwenye matundu yake ya ukutani, mwanya wa chini ya nusu milimita, zimejazwa chokaa. Kamba za samadari zimelegea kidogo upande wa kichwani, zimevutwa upya mistari minne.

Kilichobaki ni mlango wa kuchonga: miimo, kizingiti, mfaa (mti wa katikati unaofunika mwanya wa mabawa), mabawa mawili na njumu za pini za shaba. Mbao zake za mm 4 zimepangwa juu ya meza tangu Jumatatu, vijiti vikiwa katikati yake ili hewa ipite pande zote. Zitakaa hapo wiki tatu kabla ya patasi kuzigusa. Bawa la mm 90 likikatwa likiwa na unyevu wa dukani husinyaa kwa upana, na mfaa unabaki hauna cha kufunika.